Saa Hazitembei Jumapili

Mdogo wangu Chapuchapu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na mtoto. Natumaini hamjambo nyote, kile kikohozi cha mtoto kimekwisha, na wifi mgongo haumsumbui tena. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na asubuhi anaota jua mlangoni kama kawaida yake. Mimi afya ninayo, ila nina hasira, na nimeona nikwambie mapema usije ukafika ukurasa wa tatu ukajiuliza dada kapatwa na nini. Hasira hii nimekaa nayo siku kumi na moja. Nilidhani itapoa kabla sijashika kalamu, lakini haikupoa, nami nimechoka kuingoja.

Barua yako niliisoma nimesimama, kile kioo cha kukuzia vipuri vya saa kikiwa bado kimenibana jichoni. Unasema safari imeahirishwa tena. Hii ni mara ya nne, nimehesabu. Unasema kwa kuwa baba amekwisha kukusamehe, moyo wako umetulia na hakuna haraka, utakuja mambo yakikaa sawa, labda mtoto akianza shule. Hapo ningeweza kumeza mate nikanyamaza. Lakini wewe hukutosheka, ukaona unipe na mawaidha ya ukurasa mzima. Kwamba naishi kwa kufuata amri kumi za mzee utadhani nimefungwa mnyororo mguuni. Kwamba nimejifungia karakana na mzee mgonjwa, Jumapili sitoki, uongo mdogo wa kumfurahisha mtu siusemi, na ujana wangu unapita dirishani. Kwamba Mungu ni upendo na hana muda wa kuorodhesha makatazo. Mwisho ukaandika, pole sana, mfungwa. Neno hilo umelipigia mstari, na mstari wenyewe umeupiga kwa rula.

Haya, tuzungumze habari za kifungo.

Unakikumbuka chumba cha mbele, ile meza ndefu chini ya dirisha, taa ya kuvuta, visahani vya skrubu ndogo kama chembe za mchanga, na ukutani saa ishirini na tatu za watu zikigombana wiki nzima. Unakumbuka pia Jumamosi jioni baba alivyokuwa akipita ukutani, akishika kwa vidole viwili ule uzito unaoning'inia katika kila saa hadi utulie. Moja, nyingine, nyingine, mpaka chumba kizima kinyamaze. Jumapili hakuna saa iliyotembea nyumbani kwetu. Kanisani tulikwenda kwa kengele, na chakula tulikula njaa ikiuma. Tulichukia, nakubali. Wewe ulikuwa ukisema nyumba inakaa kama ina msiba. Baada ya kula tulipandishwa kwenye kigoda tukariri amri, na wewe ulizimaliza zote kumi kwa pumzi moja kabla marehemu mama hajafunika sufuria, ndiyo maana ukaitwa hilo jina lako. Mimi nilizisema polepole kwa kuogopa kukosea, na nimeendelea kuzishika hivyo hivyo, kwa woga, hadi juzi juzi tu.

Kwa hiyo kuna jambo moja nakukubalia. Baba alitufundisha amri zile kidole kikiwa juu, kama anatusomea masharti ya hospitali. Hakutuambia hata siku moja kwamba ndani yake kuna raha. Kwa hilo nimemkasirikia yeye pia, na nimemwambia usoni, nikimnyoa, wembe mkononi na yeye ana povu hadi masikioni, kwa hiyo alinisikiliza vizuri sana.

Lakini wewe uliyekata mnyororo umefika wapi? Mimi mlango huu naupita mara ishirini kwa siku, naingia na kutoka, nasalimiana na kila mtu mtaani na hakuna ninayemkwepa. Wewe uko umbali wa safari ya siku moja, na kwa miaka tisa umeshindwa kuuvuka hata mara moja. Tuambiane basi mfungwa ni nani.

Na kwa kuwa moyo wako umetulia mno, acha nikukumbushe kilichokutoa hapa, maana naona kutulia kumekufutia na kumbukumbu. Mkunga alileta saa ya marehemu mumewe isafishwe. Baba alikuwa na kazi nyingi, akakukabidhi wewe. Wewe ukaitoa mashine yake nzuri ukamtilia rafiki yako katika saa yake, na saa ya mkunga ukaitia mashine chakavu ya kwenye droo. Yule mama alirudi baada ya siku nne. Alisema kwa saa hii amehesabu mapigo ya moyo ya wajawazito miaka ishirini, anaijua, na hii si yenyewe. Mumewe alikwaruza herufi mbili ndani ya mashine, akaomba ifunguliwe tuone. Ilipofunguliwa herufi hazikuwamo. Baba akakuuliza mbele yake na mbele ya wazee wawili wa kanisa. Ukamtazama machoni, ukasema hujui lolote, huenda mama wa watu kasahau.

Unajua baba hakuwa mtu wa kuapa. Hata mteja akitaka kuhakikishiwa saa itakuwa tayari Ijumaa, alikuwa akisema itakuwa tayari, basi. Siku ile aliinua mkono wa kulia akaapa kwa jina la Mungu kwamba katika karakana yake hakuna aliyebadilisha kitu. Maisha yake yote aliapa mara moja tu, na aliapa kwa ajili yako. Nawe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka pale, ukifuta bisibisi. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Niliona masikio yako yakibadilika rangi, nikajitia hamnazo.

Wiki tatu baadaye rafiki yako, kwa akili zake, akaja hapa hapa kutaka mkanda mpya, na baba akaomba aifungue saa aipulize vumbi. Herufi mbili zikamtazama. Wewe ulipoona uso wa baba ukapitia mlango wa nyuma na mfuko mmoja. Hukuona yaliyofuata, kwa hiyo nitakuambia. Baba aliirudisha mashine ya mkunga kwa mikono yake mwenyewe, akaipeleka kwa miguu, akaomba radhi uani kwa watu, wageni wakiwapo. Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima akasema amelitaja jina la Mungu katika uongo, hastahili tena kuitwa mzee wa kanisa, akarudi kukaa benchi la nyuma, na ndilo alilokalia hadi alipopooza. Mkunga alimsamehe siku ile ile, na mpaka leo saa yake anaileta kwetu. Juzi aliniuliza habari zako. Wizi wa mashine baba angeumeza. Kilichomkaa kooni ni kwamba ulimwacha aape.

Sasa tuje kwenye maradhi yake, ambayo unayajua kwa barua tu. Miaka minne iliyopita alianguka kati ya meza na mlango. Upande wa kulia umekufa, na maneno yote yameondoka isipokuwa manne. Anasema ndiyo, anasema hapana, anasema maji, na analitaja jina la mama. Akili iko kamili. Saa ikichechemea ukutani huigonga meza kwa mkono wa kushoto mpaka niirekebishe, na akiona nimeikaza skrubu kupita kiasi hunitolea macho yale yale ya zamani. Mimi nimekaa kwenye kiti chake na kufanya kazi yake. Namwosha, namnyoa, namlisha. Watu wananisifu barabarani kwamba nampenda sana baba yangu, na wewe pia umeandika hivyo. Mpende au usimpende mtu, ana haja ya kunyolewa. Amri inasema tuwaheshimu baba na mama, haikusema kitu kuhusu kusikia utamu moyoni kila asubuhi, na siku nilipoligundua hilo nilipumua. Kuna siku nilimnyoa nimemkasirikia, na alipendeza vile vile.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alasiri, mchungaji alikuja kumpa baba meza ya Bwana, kama kawaida. Barua yako ilikuwa mezani chini ya kisahani cha skrubu. Mchungaji wetu ni mtu mwema sana, lakini karatasi haiwezi kulala mbele yake bila kusomwa. Akauliza kama imetoka kwa kijana. Nikasema ndiyo. Akasema basi amsomee mzee afurahi. Nikamwambia asijisumbue, nimekwisha kumsomea, jambo ambalo halikuwa kweli. Lakini miwani ilikuwa tayari puani. Akaanza kusoma kwa sauti yake ile ya mimbarini, baba akisikiliza ameinamisha kichwa. Akafika pale ulipoandika kwamba unamshukuru baba kwa maneno yake ya msamaha, yale aliyomwambia dada akuandikie.

Baba akainua kichwa. "Hapana," akasema.

Mchungaji akadhani hakusikia vizuri, akairudia sentensi. "Hapana," baba akasema tena. Na mara ya tatu alipiga meza kwa mkono wake mzima, visahani vikaruka, skrubu zikamwagika chumba kizima. Alikuwa hamtazami mchungaji. Alikuwa ananitazama mimi.

Mdogo wangu, kama umesimama, kaa. Baba hajakusamehe. Hajawahi kusema amekusamehe, wala kwa mdomo wala kwa mkono wala kwa jicho. Kila neno uliloandikiwa kwa jina lake miaka hii minne ni langu. Msamaha ni wangu. Baraka ya harusi yako ni yangu, niliitunga huku nangoja chai ichemke. Ule mzaha kwamba pua ya mtoto ni ya ukoo wetu na haina pa kukimbilia ni wangu, na ushauri wa kutojenga bondeni niliusoma gazetini. Hata barua zako sikumsomea. Nilimwambia umeandika, hujambo, basi. Nilikuwa na daftari la jalada la kijani nililoandika kila kitu ambacho baba "alisema" na tarehe yake, nisije nikajipinga. Mchana nilimlisha chakula kwa kijiko, jioni nikamlisha maneno.

Ilianza kwa huruma. Katika barua yako ya kwanza, uliposikia ameanguka, uliuliza baba anakuzungumziaje. Nilimtazama pale kitini, mdomo umepinda, nikaona hawezi kusema, basi nimsaidie. Niliandika mstari mmoja tu. Uliporudisha majibu ya furaha, nikaongeza wa pili. Kisha nikaanza kumpenda yule baba wa barua. Alikuwa mcheshi, alisamehe upesi, alimsifu binti yake kwa kazi yake. Nilikuwa naketi na yule baba wa karatasi huku huyu wa kweli akigonga meza kuomba maji, nami nikimwambia angoje kidogo. Hayo ndiyo niliyoyaita heshima. Unaona basi jinsi sisi wawili tulivyo watoto wa tumbo moja. Wewe ulimwapisha uongo bila yeye kujua, na mimi nikamsemesha uongo bila yeye kujua. Wewe mara moja, mimi kila mwezi. Na ile sifa uliyonipa, kwamba siwezi uongo hata wa kumfurahisha mtu, imenichoma kuliko tusi lako lote.

Linaloniuma zaidi ndilo hili. Nimekukasirikia miaka minne kwa nini huji. Nimekuita mkaidi, nimekuita huna haya, mbele ya baba na mbele ya majirani. Kumbe uje kufanya nini, ikiwa dada yako amekwisha kukuandikia kwamba mambo yamekwisha? Mlango niliokulaumu huuvuki ni mimi niliyeurudishia. Naomba unisamehe. Hasira yangu kwako bado ipo, usijidanganye, sehemu yako umeistahili. Lakini hii yangu nilikuwa nakubebesha wewe, na leo naitua.

Niliyasema yote siku ile ile, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza natafuta skrubu, maana sikuthubutu kumtazama. Mchungaji alitaka kuondoka, nikamwomba akae asikie. Nilisema tangu mstari wa kwanza hadi daftari. Nilipomaliza nikangoja kisahani kinipige kichwani. Kisha nikaona mwanga unasogea sakafuni. Baba alikuwa ameivuta taa ya mezani kwa mkono wa kushoto, akaishusha hadi chini ya ukingo, akanimulikia. Alinimulikia mpaka nikaipata skrubu ya mwisho.

Nikatoka chini ya meza ile nikiwa mtu mwingine. Sijui nikueleze vipi nawe uelewe, kwa sababu wewe ukisikia "usishuhudie uongo" unasikia kidole cha baba, kama nilivyokuwa nikisikia mimi. Mimi sasa nasikia ruhusa. Naruhusiwa kusahau nilichokuandikia mwezi wa tatu. Naruhusiwa kukuta bahasha yako mlangoni nikaifungua papo hapo. Naruhusiwa kumwacha baba awe mkali kama alivyo, bila kumtengeneza. Daftari la kijani nililichana, kurasa tupu nikazitumia kufungia skrubu, na nilikuwa napiga mluzi nikizifunga. Mimi, mluzi! Baba alinikodolea macho, halafu mdomo wake ule uliopinda ukapinda upande wa pili.

Nilimwambia na jingine pale pale, kwamba tangu aanguke nilikuwa nikifanya kazi Jumapili. Nilifunga mlango na pazia, nikamweka chumba cha ndani, nikakimbizana na saa za watu. Yeye alikuwa akizisikia zikitembea na hakuwa na neno la kunikanya. Kwa hiyo hapo napo ulinisifu bure ulipolalamika kwamba Jumapili sitoki. Sikutoka kwa sababu nilikuwa mtumwa wa saa ishirini na tatu. Jumamosi ile jioni nilimsukuma kiti chake hadi ukutani, akazisimamisha mwenyewe zile anazozifikia, za juu nikazisimamisha mimi. Kesho yake nilirudi kutoka kanisani, tukakaa hapa chumbani bila kufanya kitu. Hakuna aliyetudai dakika hata moja. Nilicheka peke yangu, nikalala kitini mchana kweupe mdomo wazi. Nimefika miaka thelathini na minane ndipo naonja Jumapili. Kwa nini baba hakutuambia kwamba siku hii ni zawadi? Na kwa nini wewe uliitupa bila kuionja, halafu ukanipigia mstari kwa rula?

Basi sikiliza. Mganga wa zahanati amesema moyo wa baba umechoka, na hakutaja miaka, alitaja miezi. Sitakuandikia tena asichosema. Ukitaka msamaha wake, uko hapa, ndani ya mtu mmoja mwenye maneno manne, na sijui kama atakupa. Huenda akakwambia hapana mbele ya mkeo. Lakini hiyo hapana itakuwa ya kweli, na mtu anaweza kuisimamia akaanzia hapo. Njoo. Mambo hayatakaa sawa kwanza. Mpitie mkunga kabla hujafika kwetu, nyumba yake unaijua.

Nisalimie wifi yangu, mwambie namsubiri kwa hamu na aniwie radhi kwa ile baraka ya harusi. Mpakate mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Mkunga anakusalimu, amenituma kwa kinywa chake. Mchungaji anakusalimu, na anaona aibu kwa kusoma barua ya watu.

Salamu za baba hazimo humu. Nimemsomea barua hii yote leo alasiri, neno kwa neno, na mwisho nikamwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitazama mlango. Kisha akaigonga meza, akaonyesha karatasi kwa kidole, nikaelewa anataka niisome tena tangu mwanzo, nikaisoma.

Ni mimi dada yako,
Fundi saa.